Uzi maalumu: Ngome ya nyota ya Goryokaku, Hakodate, kwa misimu yote minne

Mwanaramani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Maswali ya Goryokaku yamekuwa yakidondoshwa kwenye nyuzi za safari za Japani, na majibu yanazama baada ya kurasa mbili. Tuyakusanye hapa. Anayejua kipengele chake akishushe, ila tuweke vipimo na sababu. Hadithi za "nilivyofurahi" zina uzi wake kule kwa picha.

Kwa mgeni kabisa: Goryokaku ipo mjini Hakodate, kusini mwa kisiwa cha Hokkaido. Ni ngome ya udongo na mawe yenye pembe tano, imezungukwa na handaki la maji. Jina lenyewe linajieleza, "go" ni tano, "ryo" ni pembe, "kaku" ni boma. Ujenzi ulianza 1857, na 1864 ikaanza kutumika. Mchoraji ni Takeda Ayasaburo, msomi wa elimu ya Kidachi, maana wakati ule Uholanzi ndiyo ilikuwa dirisha la Wajapani kutazama sayansi ya Ulaya.

Kwa nini pale? Mkataba wa 1854 kati ya Japani na Marekani uliifungua bandari ya Hakodate kwa meli za kigeni. Ofisi ya bugyo, yaani mwakilishi wa serikali ya Tokugawa (ukoo wa kijeshi uliokuwa ukiitawala Japani), ilikuwa chini ya Mlima Hakodate, pua na mdomo na bahari. Meli yoyote yenye mizinga ingeimaliza asubuhi moja. Ikaamuliwa ihamishwe ndani, kwenye tambarare, na ijengewe boma la kisasa.

Leo ni bustani ya umma, tangu 1914, na kuingia ni bure. Vinavyolipiwa ni viwili tu: Mnara wa Goryokaku ulio nje ya handaki, na ofisi ya bugyo iliyojengwa upya katikati ya ngome (yen 500 mtu mzima, 250 mwanafunzi na mtoto). Mnara bei yake huwa inapanda, weka yen 1,000 na zaidi kidogo mfukoni.

Saa, na hapa natumia saa za Kiswahili. Ndani ya ngome: Aprili hadi Oktoba, saa 11 alfajiri hadi saa 1 jioni, Novemba hadi Machi hufungwa saa 12 jioni. Ofisi ya bugyo: saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, na miezi ya baridi hadi saa 11 jioni, mwisho wa kuingia ni dakika 15 kabla. Mnara: saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ubao wa Kijapani ukiandika 17:00, toa 6, unapata saa 11. Wabongo wengi wameshasoma 17:00 wakaandika saa 5 kwenye ratiba, ikawa balaa.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia jukwaa: ukiwa chini huioni nyota. Chini unaona tuta la nyasi, maji na miti. Wanaosema "nilifika, sikuona cha ajabu" ni wale waliozunguka chini, wakaona tiketi ya mnara ni ghali, wakaondoka.

---

TreniZote

Nichukue usafiri, maana mtego mkubwa upo hapo.

Kutoka Tokyo, treni ya mwendokasi inakufikisha Shin-Hakodate-Hokuto kwa takriban saa 4. Kituo hicho kilifunguliwa Machi 2016 na kiko nje ya mji, kama kilomita 18 kutoka Hakodate yenyewe. Unabadilisha hapo, unapanda Hakodate Liner, dakika 15 hadi 20 umefika Hakodate.

Sasa mtego. Kabla tu ya kufika Hakodate, treni inasimama kituo kinachoitwa Goryokaku. USISHUKE. Jina ni hilohilo lakini ngome haipo hapo, ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, na ukiwa na begi la magurudumu kwenye theluji ni zaidi ya hapo. Baki ndani hadi mwisho wa reli, Hakodate.

Ukitoka kituo cha Hakodate, acha mizigo kwenye makabati ya sarafu, vuka uende kituo cha tramu kilicho mbele. Mstari namba 2 na namba 5 yote inafaa, ilimradi imeandikwa inaelekea Yunokawa. Shuka Goryokaku-koen-mae, ni kama dakika 17. Kuanzia hapo ni dakika 15 kwa miguu kuelekea kaskazini, na huwezi kupotea kwa sababu mnara unauona juu ya majengo.

Kupanda tramu: ingia mlango wa nyuma, chukua kikaratasi chenye namba au gusa kadi yako ya usafiri (Suica na ndugu zake zinakubaliwa). Kushuka ni mlango wa mbele, unalipa pale kwa dereva. Kisanduku cha nauli hakirudishi chenji, kwa hiyo vunja noti ya yen 1,000 kwenye mashine iliyo hapohapo mbele, na uifanye tramu ikiwa imesimama, siyo foleni nzima inakusubiri. Kama siku hiyo utapanda tramu mara tatu au zaidi, ulizia tiketi ya siku nzima.

---

Bint_Kisiwani

Ahsante mleta mada. Mimi naleta majira ya kuchipua, maana ndiyo yanayoulizwa kuliko yote. Na tafadhali tusiyaite "masika" humu, mtu wa Tanga atabeba mwavuli na gambuti.

Ndani na kandokando ya ngome kuna miti ya sakura, yaani cheri ya maua ya Kijapani, karibu 1,600. Mingi ni aina ya Somei Yoshino. Ilianza kupandwa 1913, gazeti la mji la wakati huo lilipokuwa linaadhimisha toleo lake la 10,000. Somei Yoshino haizaliwi kwa mbegu, inaunganishwa kwa kupachika, kwa hiyo miti yote ni nakala ya mti mmoja. Ndiyo maana inachanua kwa pamoja kama imepigiwa filimbi, na ndiyo maana inakwisha kwa pamoja. Ukichelewa siku nane, hakuna mti wa akiba uliobaki nyuma kukusubiri.

Kosa la kwanza la wageni: wanapanga kwa kalenda ya Tokyo. Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi. Hakodate, kwa kawaida, ni siku za mwisho za Aprili, na maua kujaa ni mwanzo wa Mei. Miaka ya karibuni imekuwa ikitangulia, mwaka mwingine hata katikati ya Aprili, kwa hiyo usiweke imani yako yote kwenye tarehe moja.

Jifunze maneno mawili ya utabiri. "Kaika" ni siku maua matano au sita yamefunguka kwenye mti wa kipimo. Hiyo siyo siku ya kwenda, utakuta matawi mekundu-mekundu tu. "Mankai" ni pale asilimia 80 au zaidi zimefunguka. Kaskazini kule, kutoka kaika hadi mankai ni siku nne au tano hivi, joto likipanda ghafla ni chini ya hapo. Unatega siku ya mankai na siku mbili tatu baada yake. Upepo au mvua ikipiga wakati huo, maua yanashuka yote, lakini hata hapo usikate tamaa: petali zinajikusanya juu ya maji ya handaki zikawa jamvi la waridi. Wajapani wanaliita "hanaikada", mashua bapa ya maua. Zamu hiyo hudumu siku mbili tatu. Ikipita, upepo umezisukuma kwenye kona na zimegeuka kahawia.

Kosa la pili: kufika saa 4 asubuhi. Mwanzo wa Mei jua linachomoza kama saa 10 na nusu alfajiri, na ngome inafunguliwa saa 11. Saa ile maji yametulia, taswira ya maua iko kamili kwenye handaki, na utawakuta wazee wa mtaa wanaokimbia tu. Saa 4 upepo umeamka na mabasi ya watalii yameshaegeshwa.

Kosa la tatu ni sikukuu. Aprili 29 na Mei 3, 4, 5 ni mapumziko ya taifa, Japani nzima inasafiri. Vyumba Hakodate hupanda bei na foleni ya lifti ya mnara inakuwa ndefu. Chumba kiwekwe miezi mapema, na mnara upandwe unapofunguliwa, saa 3 kamili.

Kuhusu kuchoma nyama: wenyeji wanakaa chini ya sakura na kuchoma jingisukan, nyama ya kondoo kwenye jiko lenye mgongo wa ngamia. Moto unaruhusiwa maeneo yaliyotengwa tu na kwa siku zilizotangazwa za msimu wa maua. Nje ya hapo utafukuzwa kwa heshima, lakini utafukuzwa. Tandika jamvi lako mbali na shina, kukanyaga mizizi kunashindilia udongo na mti unakosa hewa. Mapipa ya taka usiyategemee, beba mfuko wako.

---

Lenzi50

Bint_Kisiwani kamaliza. Ila napinga kidogo hii dhana kwamba sakura ndiyo msimu wa Goryokaku. Kwa mtu anayetaka kuona NYOTA, sakura ni pazia. Miti ikijaa maua, kingo za tuta zinazimika, unaona mviringo wa waridi wenye mikunjo. Mistari inakuwa mikali zaidi theluji ikishaanguka: miteremko myeupe, matawi matupu, handaki limebadilika rangi likiganda, kila pembe imejichora yenyewe. Januari mwishoni na Februari ndiyo kilele cha hilo.

Vipimo vya picha kutoka mnarani. Mnara una urefu wa mita 107, ulifunguliwa Aprili 2006. Roshani ya chini ipo mita 86, ya juu mita 90. Lifti inakupeleka juu kwanza, unashuka kwa ngazi hadi ya chini. Tofauti ya mita nne haionekani kwenye picha, kwa hiyo kama juu kumejaa, shuka. Ya chini pia ina kipande cha sakafu ya kioo, wenye kuogopa urefu wajiandae.

Lenzi: 24 mm kwa kamera ya fremu kamili inakata pembe za pembeni. Unahitaji 16 hadi 18. Simu yenye lenzi pana zaidi (ile ya 0.5) inatosha. Bandika lenzi karibu na kioo kadiri unavyoweza, zima mwanga wa kamera, vaa nguo nyeusi au funika pembeni kwa koti, maana shati jeupe linajiona kwenye kioo kuliko ngome yenyewe.

Mwanga: mnara upo kusini-magharibi mwa ngome, kwa hiyo unapiga ukitazama kaskazini-mashariki. Asubuhi jua liko mbele yako upande, mchana na alasiri liko mgongoni. Alasiri ni nzuri, ILA kipindi cha baridi. Jua la Desemba liko chini sana, na likifika kusini-magharibi, kivuli cha mnara chenyewe kinalala juu ya ngome kama kidole. Hiyo ni kati ya saa 8 na saa 9 hivi. Desemba na Januari piga saa 5 au 6 mchana, au subiri kabisa giza liingie.

---

Bint_Kisiwani

Nyota yako na theluji yako chukua, waridi langu niachie. Ila hoja ya kingo nakubali.

---

Kilindini_Kwetu

Wadau, swali kutoka Mombasa. Kwa nini nyota? Wajapani walikuwa na majumba yao ya kifalme yenye orofa, walishindwa nini kujenga vile?

---

Fundi_Mawe

Mkuu Kilindini, wewe jibu unalo nyumbani. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, mchoro wa Giovanni Battista Cairati wa Milano, na zile buruji zake nne zinazochomoza kwenye kona ni ukoo mmoja na pembe za Goryokaku. Ni elimu ya Waitaliano iliyozaliwa baada ya mizinga kuwa na nguvu.

Ukuta mrefu wa mawe unapendeza ila risasi ya mzinga inaupasua, vipande vinaua waliomo ndani. Tuta la udongo, fupi na nene, linaimeza risasi. Tuta kuu la Goryokaku lina kimo cha mita 7.5 hivi, lakini kitako chake ni kama mita 30. Unene ni mara nne ya kimo.

Na mnara wa duara una upofu: adui akishafika chini yake kabisa, aliye juu hawezi kumpiga bila kujitoa. Pembe za nyota zinafuta upofu huo, maana uso wa kila pembe unaonekana kutoka pembe ya jirani. Simama leo kwenye shingo kati ya pembe mbili, kwenye kona ile ya ndani, utazame kushoto na kulia. Hakuna mahali pa kujificha.

Tofauti na Fort Jesus: ile imekaa ukingoni mwa bahari makusudi, kazi yake kulinda mlango wa bandari. Goryokaku iliikimbia bahari.

Sasa kitu ambacho wengi wanakipita bila kukitazama. Mbele ya lango kuu kuna kisiwa cha pembetatu chenye tuta lake, unakivuka kwa daraja la kwanza kisha la pili. Kinaitwa hangetsuho, "nusu mwezi". Kazi yake ni kukinga lango lisipigwe moja kwa moja. Mchoro wa awali ulitaka vitano, kimoja kila upande. Fedha hazikutosha, kikajengwa kimoja, hicho cha upande wa lango. Ukiwa mnarani kiko karibu yako, ndicho kinachoifanya nyota ionekane imeota kidole cha sita.

Ukikifikia, tazama juu ya ukuta wa mawe. Safu iliyo chini kidogo ya ile ya mwisho imechomoza nje kama ukingo wa paa. Hiyo ni ya kumzuia anayepanda ukuta, akifika pale kichwa kinagonga. 

Na mawe yenyewe yana kisa cha msimu. Handaki lilichimbwa liwe na kingo za udongo. Baridi ikaja, maji ndani ya udongo yakaganda yakatanuka, kukapambazuka yakayeyuka, kingo zikaporomoka. Kuganda na kuyeyuka, mara nyingi kwa msimu mmoja, hakuna tuta tupu linalostahimili. Ndipo wakaleta mawe, mengine kutoka Mlima Hakodate. Fort Jesus haikuwahi kuumwa na ugonjwa huo.

---

Kilindini_Kwetu

Hapo nimekupata vizuri. Kwa hiyo buruji zetu zilikaa na jua na chumvi, za kwao na barafu. Sasa hiyo ngome ilipigana vita kweli au ilikaa tu?

---

Mwanaramani

Ilipigana, na ikashindwa kwa jambo lilelile ililojengwa kulikwepa.

Tokugawa walipoanguka 1868, Enomoto Takeaki, kamanda wa jeshi lao la majini, alichukua meli za kivita za serikali iliyoangushwa, akaenda kaskazini na kuiteka Goryokaku. Walikuwemo maofisa wachache wa Kifaransa, maarufu wao Jules Brunet, na Hijikata Toshizo, kamanda wa samurai, ambaye sanamu yake ya shaba utaikuta mnarani. Serikali mpya ikawafuata. Meli yao Kotetsu, iliyojengwa Ufaransa na kufunikwa chuma, ilikuwa na mzinga mkubwa wa Armstrong. Ngome iko kama kilomita 3 kutoka ghuba, umbali uliokuwa salama wakati Takeda anachora. 1869 haukuwa salama tena.

Na walilengwa wapi? Juu ya paa la ofisi ya bugyo kulikuwa na mnara wa ngoma, umechomoza juu ya miti. Mabomu yalipoanza kutua, waliomo ndani wakaukata wenyewe, lakini walikuwa wamechelewa. Hijikata aliuawa Juni 20, Enomoto akasalimu amri Juni 27, 1869. Ofisi ikabomolewa 1871.

Ukiingia leo ofisi iliyojengwa upya, inua kichwa utazame huo mnara wa paa. Wameurudisha.

---

Fundi_Mawe

Niongeze hapo kwenye ofisi. Ilifunguliwa Julai 2010, na ni theluthi moja tu ya jengo la zamani. Sehemu iliyobaki wameichora chini, utaona mistari ya vyumba kwenye uwanja. Walitumia michoro, machimbo ya kiakiolojia na picha ya zamani ya jengo. Ndani mna video ya mafundi wakiunganisha mbao na kupaka kuta, usiipite kwa haraka.

Viatu unavua mlangoni, unabeba kwenye mfuko. Majira ya baridi vaa soksi nene, sakafu ya mbao inatafuna nyayo. Jengo pekee la enzi zile lililobaki ni ghala la chakula, lile jeupe la kuta nene hapo jirani. Watu wanalipita wakidhani ni stoo ya wafagizi.

---

mkaa_baridi

Wakuu, kiangazi na majira ya majani mmeyaruka. Nina wiki mbili, naweza kuchagua Julai au Oktoba.

---

Bint_Kisiwani

Kabla ya Julai kuna kipindi kimoja kidogo wageni hawakijui. Ukivuka daraja la pili kuna kichanja cha mti wa fuji, maua ya zambarau yanayoning'inia kama vishada vya zabibu juu ya njia. Hufunguka mwishoni mwa Mei hadi mwanzo wa Juni. Sakura imekwisha, hoteli zimeshuka bei, na unapita chini ya harufu yake kuingia ngomeni. Wikiendi ya tatu ya Mei pia kuna sherehe ya ngome, wanaandamana na mavazi ya vita vile alivyosimulia Mwanaramani.

Kiangazi kwa kweli ni kijani tu. Agosti wastani wa joto ni kama nyuzi 22, kwa hiyo Wajapani wa kusini wanakuja kupumua. Mashua za kukodi zipo kwenye handaki tangu msimu wa maua hadi vuli, na ukiwa ndani ya mashua ndipo unapoona ukuta wa mawe kutoka chini, kimo chake halisi. Julai na Agosti, wikiendi usiku, wakazi wa mji hucheza tamthilia ya nje inayosimulia historia ya Hakodate, imekuwapo tangu 1988. Chukua koti, usiku unapoa.

Oktoba ningeichagua kuliko Julai. Majani ya sakura yanageuka mekundu na ya machungwa kuanzia katikati ya Oktoba, na kilele ni mwisho wa Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Novemba. Misonobari inabaki kijani katikati, kwa hiyo rangi zinagombana vizuri. Kumbuka tu mwanzo wa Novemba jua linazama kama saa 10 na nusu jioni.

---

TreniZote

Na Novemba 1 saa za kufunga zinabadilika. Mtu kazoea saa 12, anafika ofisi ya bugyo saa 11 kasoro dakika tano, mlango umeshafungwa.

---

Lenzi50

Narudi kwa baridi, maana ndiyo inayoharibu safari za watu wetu.

Januari wastani wa joto ni nyuzi 2 na kitu chini ya sifuri, na usiku inashuka zaidi. Kinachoangusha watu ni barafu kuliko theluji. Theluji iliyokanyagwa mchana inayeyuka juu, usiku inaganda tena inakuwa kioo. Viatu vya mpira laini vya mjini ni hatari. Nunua vile vyuma vya kuvisha juu ya kiatu, vinauzwa kwenye maduka madogo hata kituoni. Ukifika mlango wa jengo lolote vivue, kwenye vigae vinateleza kuliko kiatu kitupu. Tembea hatua fupi, mguu utue bapa, mikono nje ya mifuko. Usipande kwenye matuta, mteremko wa theluji ngumu unaishia kwenye handaki.

Barafu ya handaki: inaonekana nene, usiikanyage. Zamani ilikuwa biashara. Mfanyabiashara Nakagawa Kahei, baada ya kushindwa sehemu nyingine, alikata barafu ya handaki hili mwanzoni mwa miaka ya 1870 akaisafirisha kwa meli kwenda Yokohama na Tokyo, ikashindana na ile iliyokuwa ikiletwa kutoka Boston. Maji yalikuwa yakiingia kutoka mto Kameda, safi na ya kusogea, ndiyo maana ilisifika.

Desemba hadi mwisho wa Februari kuna taa, taa kama 2,000 zimepangwa kufuata ukingo wa handaki, nyota inawaka gizani. Kipindi hicho mnara huongezewa muda hadi saa 1 jioni. Jua linazama saa 10 na dakika chache Desemba, kwa hiyo panda mnara saa 9 na nusu, utapata mchana, machweo na taa kwa tiketi moja. Saa ya bluu, dakika 20 hadi 30 baada ya jua kuzama, ndiyo yenyewe. Giza likishakuwa jeusi kabisa, theluji haionekani, unabaki na nukta za taa tu.

Kamera: betri ya akiba iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukiingia mnarani kutoka baridini, lenzi inatoa jasho. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, isubiri dakika 15 ndani kabla hujafungua. Ukiipangusa haraka unaeneza maji tu, na kama yameingia ndani ya lenzi siku imekwisha.

---

mkaa_baridi

Oktoba basi. Nina saa tatu tu pale, ratiba inabana. Nianzie wapi?

---

Mwanaramani

Mnara kwanza, dakika 40. Juu kuna mifano midogo inayoeleza vita na ujenzi, ipitie ndipo utazame chini, kila kitu kitakuwa na jina. Shuka, vuka madaraja mawili, simama kwenye nusu mwezi uone ile safu ya mawe iliyochomoza. Ofisi ya bugyo, dakika 40. Ghala la chakula na mizinga miwili ya zamani iliyo karibu, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kijerumani, robo saa.

Muda uliobaki zunguka nje ya handaki. Njia ni kama kilomita 1.8, tambarare, dakika 30 kwa mwendo wa kawaida. Watu wengi hupita njia ya juu ya tuta ndani wakaishia hapo, lakini ukiwa nje ndipo kila baada ya hatua mia kadhaa njia inakata kona kali, na mwili wako unaanza kuhesabu pembe.

---

mkaa_baridi

Shukrani wakuu. Na kama nikisogeza iwe mwaka mpya, ofisi iko wazi?

---

TreniZote

Desemba 31 hadi Januari 3 ofisi ya bugyo imefungwa. Bustani unaingia kama kawaida.